Jezi ya Msumarini Haikabi Mtu

Jezi ya msumarini haikabi mtu. Methali hii haikutoka kwa wahenga. Ilitoka hapa, kwenye ukuta huu wa mbao mnaouegemea, mwaka ambao klabu yetu ya raga, Kware, ilikuwa na jezi kumi na tano, misumari kumi na tano, na watu tisa.

Watu tisa hawachezi raga ya watu kumi na tano. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na sina namna ya kulipamba.

Alhamisi mmoja wenu alimkuta mwenzake amekalia mpira wakati wa mazoezi, akamwambia, "Wewe jezi ya msumarini, inuka." Mkacheka wote. Nilipowauliza mnacheka nini, hakuna aliyejua. Basi kaeni niwaeleze, kwa sababu nilikuwepo, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Leo mnaniita Mjomba Sikolia. Miaka kumi na miwili iliyopita niliitwa Kapteni. Nilivaa namba kumi, na goti langu la kulia lilikuwa limeanza kuvimba kila Jumapili kama unga uliotiwa hamira.

Klabu ilipoanza, jezi zilikuwa zinapotea. Mtu anacheza nayo Jumamosi, Jumatatu unamkuta anapalilia mahindi akiwa ameivaa. Ukimuuliza, anasema anaipigisha upepo. Mimi shule niliiacha darasa la saba, lakini nyundo naijua, ndiyo inayonilisha. Nikagongomea misumari kumi na tano ukutani, kila msumari na namba yake, na chini ya namba nikaandika jina la mtu. Tukaweka sheria moja: jezi haitoki msumarini ila kwa mkono wa mwenyewe, au kwa neno lake. Wizi ukakoma wiki hiyo hiyo. Ilikuwa sheria nzuri. Ubaya wa sheria nzuri ni kwamba hakuna anayekumbuka kuistaafisha.

Watu wakaanza kuondoka, kama watu wanavyoondoka. Mukhwana, aliyekuwa namba tisa, alipata kazi ya upishi Doha. Simwa, namba kumi na nne, aliokoka akawa mchungaji. Wengine wanne walioa, au walihama, au walichoka tu. Jezi zao zikabaki. Hatukuzigusa. Mtu akiuliza, tunasema mwenyewe atarudi. Kila wiki tulizishusha jezi tisa, tukazifua matope, tukazirudisha. Zile sita tulizipangusa vumbi kwa kitambaa.

Tulijua tunahitaji vijana. Msisikie mtu akiwaambia wazee wa Kware hawakutafuta vijana. Tulikodi pikipiki, tukaifungia kipaza sauti, tukazunguka nacho soko lote na mtaa wa kinu hadi kwenye mashamba ya mahindi kule juu. Tulibandika karatasi kwenye nguzo. Siku ya kwanza walikuja ishirini. Ishirini, nawaambia, wengine na viatu vya kanisani. Wiki ya pili walikuwa kumi na mmoja. Wiki ya tano walikuwa wanne.

Tukafanya tena msimu uliofuata, na tena msimu wa tatu. Kila mara walikuja kama mvua na kuondoka kama umande.

Tukakaa hapa tukasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Tukasema ni simu. Tukasema ni mpira wa miguu wa televisheni. Ukimsikia mtu mzima analaumu vijana wa siku hizi, mtazame vizuri, kuna kitu amekikalia.

Sisi tulichokuwa tumekalia ni hiki. Kijana akija, tunamwambia, "Karibu, fanya mazoezi, jezi utapata." Anafanya mazoezi kwa sweta la shule aliyomaliza mwaka jana. Anashikilia mito ya kukabia huku sisi tunamgonga. Anakimbilia mipira iliyoangukia kwenye mahindi ya jirani. Jumamosi ya mechi anabeba ndoo ya maji, anasimama pembeni, anahesabu jezi sita zilizoning'inia bila watu. Hao vijana walijua hesabu. Wengi walikuwa wamesoma kunishinda.

Aliyekuwa na mdomo kati yao aliitwa Ndiwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alifanya kazi kwenye kinu cha unga, na akikimbia ungedhani ameiba. Alivumilia miezi minane, mingi kuliko mwingine yeyote. Siku moja alisimama mbele ya msumari namba tisa, mikono kiunoni.

"Kapteni," akasema, "mwenye hii yuko wapi?"

"Doha."

"Nikiivaa mimi, Doha kutanyesha?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia heshima haiuzwi dukani, na kama amechoka kungoja mlango uko wazi. Akaniangalia, akachukua sweta lake, akatoka. Wiki iliyofuata nilimwona na timu ya mpira wa miguu ya duka la mbolea. Walimpa jezi siku ya kwanza. Ilikuwa ya kijani, imepauka, mgongoni ina jina la mbolea, na kwapa moja limeshonwa kwa uzi mweupe. Aliivaa hata kinuni.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyofika mwisho. Ligi yetu ya kaunti ilikuwa na kanuni: klabu ikishindwa kuleta watu kumi na tano mara tatu katika msimu, inafutwa. Tulikuwa tumeshindwa mara mbili. Ya tatu ilikuwa nyumbani, hapa, dhidi ya klabu ya Ngiri, Jumamosi saa tisa. Tukishindwa, Kware imekwisha, na uwanja huu ungerudi kuwa malisho ya ng'ombe. Wiki nzima niliwaahidi wenzangu kwamba watu watapatikana. Niliwaahidi bila kujua watatoka wapi.

Saa nane na nusu tulikuwa tisa. Mimi nikiwa mmoja wao, na goti limefungwa bendeji mpaka suruali haipandi. Nje walikuwepo vijana wanne na ndoo zao za maji. Kwenye uzio waliketi watano wengine, wote waliowahi kufanya mazoezi kwetu, wote na jezi za kijani za mbolea, wamekuja kututazama tukifa. Ndiwa alikuwa katikati yao akitafuna muwa.

Refa aliingia, mtu mpole kutoka mjini, saa mkononi. "Kapteni, naona watu tisa."

"Wengine wako njiani," nikasema.

"Njia gani?"

Akasema atatupa hadi saa tisa kamili, na jina lolote nitakaloliandika kwenye karatasi ya mechi kabla ya kipenga atalihesabu, mradi mwenye jina ni mtu mzima na amevaa jezi ya klabu. Akatoka.

Tukabaki tunatazama ukuta. Kisiangani, mmoja wa wale wanne wa ndoo, akachungulia mlangoni. Huyo hakuwa na mdomo kama wa Ndiwa, lakini siku hiyo ulimjia.

"Kapteni, jezi ziko. Watu tuko. Kinachokosekana ni nini?"

"Neno la mwenyewe," nikasema.

"Si umpigie?"

Nawaapia, katika miaka sita hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Watu wazima tisa, kila mmoja na simu mfukoni.

Nikampigia Mukhwana. Chumba kilikuwa na kelele, nikaweka simu kwenye sauti ya wote, juu ya benchi. Mnajua pale kati yetu na wageni kuna ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe nilizipasua mimi nikiwa na haraka. Upande wa pili Ngiri walikuwa wanafunga viatu.

Simu ikaita mara nne. Sauti ikaja, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Sikolia? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ni nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nakuomba ruhusa."

"Ya shamba? Mwambie kaka yangu mpaka uko pale pale kwenye mkwaju wa babu, asinisumbue."

"Si shamba. Jezi."

Sufuria moja ikaanguka huko Doha.

"Jezi gani?"

"Yako. Namba tisa. Iko msumarini, na tuna upungufu wa watu."

"Sikolia, umenipigia simu mpaka Uarabuni kuniuliza habari ya fulana?"

"Ni sheria, Mukhwana. Tuliiweka pamoja."

"Ngoja kwanza. Imekaa hapo tangu nilipoondoka?"

"Tunaipangusa kila wiki."

Hapo nikasikia mtu upande wa Ngiri anakohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mukhwana naye alikuwa amefunika simu. Tulimsikia akimweleza mtu kwa Kiingereza, na huyo mtu akacheka. Kisha akarudi.

"Ndugu yangu, mimi siku hizi nina kilo mia na kumi. Nikiinama kufunga viatu naona nyota. Sasa nijibu. Hiyo jezi, miaka sita, imekaba watu wangapi?"

"Jezi?"

"Jezi, ndiyo. Nakuuliza imekaba watu wangapi. Imewaangusha wangapi?"

Wenzangu wote walikuwa wanatazama sakafu. Nikasema, "Hakuna."

"Basi. Jezi ya msumarini haikabi mtu. Mpe mwenye miguu. Na mwambie isimbane kwapani, mimi ilinibana." Akakata, kwa sababu vitunguu vilikuwa vinaungua.

Upande wa pili wa ukuta Ngiri walishindwa kujizuia. Walicheka mpaka mmoja akagonga mbao kwa kiganja. Sisi nasi tukaanza, kwanza mzee mmoja wa skramu, wale wa kusukumana mbele, halafu wote. Mimi nilikuwa wa mwisho, lakini nilicheka mpaka goti likauma.

Nikampigia Simwa. "Bwana asifiwe," akasema. Nikamwambia shida yangu. Akasema hayo ya jezi aliyazika siku aliyobatizwa. "Mpe kijana. Mwonye tu asiwapige watu ngumi refa akigeuka, kama nilivyokuwa nikifanya mimi." Mmoja akasema ruhusa kabla sijamaliza swali. Wa nne akasema alidhani tuliichoma zamani. Simu ya wa tano ilipokelewa na mkewe. Akasema, "Chukueni hiyo jezi, shemeji, na mkipata msumari wa kumtundika mwenyewe mniambie."

Wa sita hakupatikana. Namba yake ilikuwa imekufa. Saa tisa kasoro dakika nane.

Tulikwama hapo. Mnaweza kucheka, lakini tulikwama. Neno la mwenyewe halipo, na watu wanaishika sheria kwa nguvu zaidi inapokaribia kuwaangusha. Wenzangu wakanitazama, kwa kuwa niliyeigongomea misumari ni mimi. Kisiangani akasema polepole, kama mtu anayesoma ubao, "Ya msumarini haikabi, Kapteni. Mwenzake wa Doha ameshasema kwa niaba yake."

Nikaivuta. Msumari ukatoka nayo, ulikuwa umeshika kutu.

Vijana wanne wa ndoo wakavaa. Zikabaki jezi mbili. Nikatoka nikichechemea mpaka kwenye uzio. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, na yote yakapotea nilipofika.

"Nina jezi mbili," nikasema.

Wale watano wakatazamana. Wawili wakaruka uzio bila kuuliza kitu na kukimbia kuelekea chumbani. Ndiwa akabaki na muwa wake.

"Kapteni," akasema, "Doha kumenyesha?"

"Gharika," nikasema.

Akacheka. Lakini hakushuka. "Wewe ulikuwa na mbili. Wawili wameingia. Mimi utanivisha nini, bendeji?"

Mnajua kuhesabu. Tisa na sita ni kumi na tano. Lakini katika wale tisa mmoja alikuwa ametembea hatua arobaini mpaka kwenye uzio na alikuwa anatokwa jasho kama aliyepanda mlima. Hakuna mwenzangu aliyekuwa amelisema hilo, chumbani wala njiani. Ndiwa naye hakulisema. Aliangalia tu goti langu, kisha akaangalia pembeni, na kwa kijana mwenye mdomo ule hiyo ilikuwa adabu kubwa.

Nilikuwa nimeivaa namba kumi tangu asubuhi. Niliivaa nyumbani, mbele ya kioo, kabla ya chai. Nikajiuliza, jezi iliyovaliwa na mtu asiyeweza kukimbia ina tofauti gani na ile iliyo msumarini? Msumari angalau hauvimbi.

Nikaivua pale pale, watu wanatazama. Ndiwa akaruka uzio, akavua ile ya kijani, akanipa niishike. Ya kwangu ilimpwaya mabegani. Akaichomeka ndani ya kaptula na kukimbia. Mimi nikavaa ya mbolea, kwa kuwa kulikuwa na baridi, na hiyo ndiyo picha yangu ya mwisho kama mchezaji: kapteni wa Kware, kifua mbele, anatangaza mbolea.

Refa akahesabu kumi na tano. Nikamwomba mambo mawili. La kwanza, watu watatu wa mbele kwenye skramu wawe wale wazee wetu, maana hapo shingo ya asiyefunzwa inaweza kuvunjika. La pili, skramu zisisukumwe. Kapteni wa Ngiri alikubali yote mawili. Alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko.

Tulifungwa. Arobaini na moja kwa kumi na mbili. Sitawadanganya kwamba vijana walishinda mechi yao ya kwanza, kwa sababu hawakushinda, na nusu yao walirusha mpira mbele, jambo ambalo raga inalikataza, kama wanaotupa mawe kwenye maembe. Lakini dakika ya tano mtu wa Ngiri aliyeitwa Tinga, kama trekta, na aliitwa hivyo kwa haki, alipata mpira akaja moja kwa moja upande wa Ndiwa. Nikafumba jicho moja. Ndiwa alishuka chini, akamkumbatia Tinga magoti yote mawili, na Tinga akalala kama mti. Halafu mtu wa Ngiri, siyo wetu, wa Ngiri, akapiga kelele kutoka pembeni: "Hiyo imetoka msumarini."

Tangu hapo kila aliyekosa kukaba, upande wowote, wenzake walimwambia yuko msumarini. Kisiangani alifunga trai kwa kuangukia mpira bila kujua kwamba ameshavuka mstari wa mwisho, akainuka akauliza kama ni makosa. Ndiwa alifunga ya pili, na hiyo alijua. Alikimbia kutoka katikati ya uwanja, hakuguswa na mtu.

Jioni tuliwalisha wageni, kama desturi ya raga inavyotaka: ugali, maharage, na kuku watatu ambao mke wangu alikuwa amewapangia mambo mengine. Vijana walikula wakiwa bado wamevaa jezi, matope yamekauka mpaka kwenye nyusi. Nikawaambia wazivue zifuliwe. Kisiangani akasema ataifua yake mwenyewe nyumbani. Nikamtazama. Nikakumbuka yule mpalilia mahindi. Nikamwambia, "Nenda nayo." Siku hiyo nilijifunza kwamba jezi inayopotea kwa kuvaliwa haijapotea.

Ngiri wakaondoka na lile neno. Mechi iliyofuata walilisema kwa klabu nyingine, na hiyo ikalisema kwa nyingine. Mwisho wa msimu nilimsikia mama mmoja sokoni akimwambia binti yake aliyefunika cherehani kwa shuka nzuri, "Jezi ya msumarini haikabi mtu, mwanangu. Shona." Huyo mama hakuwahi kuona mpira wa raga. Hapo ndipo nilipojua imekuwa methali.

Sisi tulizitia jezi guniani. Anayefika mazoezini anaingiza mkono na kuvaa, siku hiyo hiyo, hata kama hajui mpira unaelekea wapi. Msimu uliofuata tulikuwa na vijana thelathini na wanne, na ilibidi tuwaombe wale wa mbolea watuazime jezi. Ndiwa alikuwa kapteni miaka mitano. Ninyi ndio mnaokuja baada yake, na hakuna hata mmoja wenu aliyeshika ndoo.

Kwa hiyo mkimwambia mtu "jezi ya msumarini haikabi mtu", mjue mnasema nini. Mnasema kwamba heshima tunayokiwekea kitu bila kukitumia ni vumbi tunalolipangusa. Mnasema kwamba kijana hang'oki kwa uvivu. Anang'oka kwa kuona nafasi iko na haipewi mtu. Na mjue pia methali hii haikuja bure. Niliwahi kulifungua daftari la mazoezi nikahesabu majina ya vijana walioingia kwa lango lile katika misimu ile mitatu. Walikuwa hamsini na watatu. Waliocheza siku ya Ngiri, au waliokaa pembeni tayari kuingia, ni tisa.

Jezi ya msumarini haikabi mtu. Ilitugharimu misimu mitatu, mechi mbili tulizozitoa bure, namba kumi yangu, na vijana arobaini na wanne ambao hawakurudi.